Boga la kuchonga linaoza siku ya nne: kosa ni la kisu, la mshumaa au la sokoni?

#1 BarazaLaMashariki (Columbus, Ohio)

Salaam wadau. Boga la rangi ya chungwa, kilo 7 hivi, limechongwa uso wa taa tarehe 23 Oktoba. Kifuniko kimekatwa juu, kuzunguka kikonyo. Ndani kuna mshumaa wa kawaida, unawaka saa 1 mpaka saa 4 usiku. Leo tarehe 27 meno ya juu yamejikunja kwa ndani kama karatasi iliyolowa, kifuniko kimetumbukia, ndani kumeota ukungu wa kijivu wenye madoa meusi, na mbao za baraza chini yake zimepata doa la duara. Watoto wanapita tarehe 31, usiku wa Halloween, nyumba kwa nyumba kuomba peremende.

Wanaojua waniambie kosa liko wapi: kisu, mshumaa, au lilitoka sokoni tayari lina ugonjwa? Na mnaopamba baraza zima kwa majira haya, mnapangaje vitu vifike mwisho wa Novemba?

#2 FundiBoga (Peoria, Illinois)

Karibu. Kosa la kwanza ni kalenda. Siku nne au tano ndiyo umri wa boga lililochongwa. Ukitaka liwe zima tarehe 31, chonga tarehe 28 au 29, si kabla.

Kosa la pili ni mahali ulipokatia. Kifuniko cha juu kinabeba kikonyo, ni kizito, na kinakalia ukingo unaosinyaa kila siku. Lazima kitadumbukia tu. Kata kitako. Maji yanayochuruzika yatatoka yenyewe badala ya kutuama ndani, na taa utaiweka sakafuni kisha unalifunika boga juu yake. Kama lazima ukate juu, kisu kiende mshazari, ncha ikielekea katikati, nyuzi 45 hivi, kifuniko kipate pa kuegemea.

Kukwangua ndiko wengi wanakokufanya haraka. Utumbo wote utoke, na nyuzi zote, mpaka ukipitisha kidole usikute kinachoteleza. Tumia kijiko kinene cha chuma. Aliyezoea kukuna nazi anaujua mkono wenyewe: unabonyeza na kuzungusha, huchimbi. Upande wa uso upunguze ubaki sentimita 2.5. Pima kwa pini ya kushonea, ichome kutoka ndani uone inapotokeza. Ukuta mnene sana unaziba mwanga, mwembamba sana unakunjamana siku ya pili.

Halafu jiki: kijiko kimoja cha chakula kwa galoni moja ya maji, yaani lita 3.8. Lizamishe lote, uso chini, dakika 20. Litoe, lipindue, liache likauke kabisa ndani na nje kabla hujaweka taa. Ukiliwasha likiwa bado limelowa, jiki haijakusaidia kitu.

#3 MalengeTamu (Minneapolis, Minnesota)

Kwanza jina: hilo ni malenge.

Pili, FundiBoga amesema yote isipokuwa mshumaa, na mimi naona mshumaa ndio wenye kesi. Moto ukiwaka saa tatu mfululizo ndani ya kitu kilichofunikwa, dari inapikwa. Pindua kifuniko chako uangalie: katikati pamekuwa laini na rangi imekolea, kama boga lililotoka kwenye sufuria. Nyama iliyopikwa ukungu unaipenda kuliko mbichi. Ndiyo maana meno ya juu yamelegea kabla ya yale ya chini. Moto uko chini yake.

Ukishikilia mshumaa, toboa tundu la moshi nyuma, juu kabisa, upana wa sarafu. Vinginevyo weka taa ndogo za betri. Taa moja haitoshi boga la kilo 7, weka tatu ndani ya chupa ya kioo ya jemu ili zisilowe. Chagua mwanga wa njano, ulioandikwa 2700K. Ule mweupe unafanya boga lionekane la kijani kwa ndani.

#4 FundiBoga

Boga ni boga tangu Lamu mpaka Kilwa, dada. Malenge mle nyinyi huko bara 😄

#5 DadaWaBukavu (Des Moines, Iowa)

Aksanti kwa maelezo ya kisu na mshumaa, ila boga bovu halisaidiki na fundi. Mimi nasema sokoni.

Sokoni angalia kikonyo kwanza. Kiwe kigumu, bado kina ukijani, hakichezi. Palipovunjika kikonyo ni jeraha, na ugonjwa unaingilia hapo. Kwa hiyo usilibebe kwa kikonyo hata kama kinafanana na mpini, weka mikono miwili chini. Kisha lipindue. Sehemu lililolalia shambani ibonyeze kwa kidole gumba. Ikibonyea, achana nalo hata kama uso wake ni mzuri. Ukucha usiweze kuingia kwenye ganda. Gonga: sauti iwe ya kitu chenye uwazi ndani.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni baridi. Maboga yakirundikwa nje ya duka usiku wa jalidi, umande unapoganda, kesho yake yanaonekana mazima kabisa, lakini nyama ya chini ya ganda imeshapasuka. Unachonga leo, kesho kutwa ni uji. Nunua mapema Oktoba, lihifadhi zima mahali pakavu penye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, litakaa miezi miwili hata mitatu. Si ndani ya friji. Chini ya nyuzi 10 kwa muda mrefu linaumia pia.

#6 SikiTu (Leicester, Uingereza)

Ahsanteni. Mimi sikubaliani na jiki hata kidogo. Nguvu yake inaisha kwa saa chache, na vimelea vya ukungu vinaelea hewani kila siku, kwa hiyo jioni ile ile boga limeshapandwa upya. Tena BarazaLaMashariki anaeleza boga *lililokunjamana*. Huko ni kukauka, si kuoza. Kila mahali ulipokata ni mlango wa maji kutoka.

Dawa ni kuufunga mlango. Chukua mafuta ya mgando, paka kingo zote za macho, pua na mdomo kwa kidole, safu nyembamba, kisha sehemu yote iliyokwanguliwa ndani. Rudia kila siku mbili. Kabla ya hapo futa ndani kwa siki, kikombe kwa vikombe vitatu vya maji.

#7 MkemiaTanga (Houston, Texas)

Tahadhari kabla mtu hajaunganisha ushauri wa #2 na #6: siki na jiki visikutane. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, inachoma macho na mapafu. Chagua kimoja tu. Ukitumia jiki fungua madirisha au fanyia nje, vaa glavu, na jiki iingie kwenye maji, si maji kwenye jiki.

Nirudi kwenye hoja. SikiTu yuko sahihi kwamba kukunjamana ni kupoteza maji. Boga ni maji kwa asilimia 90 hivi. Lakini mafuta ya mgando yanafunga maji ndani na ukungu ndani vilevile. Ukipaka juu ya ukuta ambao haujasafishwa umeutengenezea ukungu chumba chenye unyevu wa kudumu. Huku Houston, Oktoba mchana inafika nyuzi 27 na zaidi, na boga lililopakwa mafuta linaota manyoya meupe chini ya mafuta yenyewe. Leicester kuna baridi, kwa hiyo mafuta yanaonekana yamefanya kazi kumbe kazi imefanywa na baridi.

Jingine: mafuta ya mgando yanashika moto yakipata utambi. Aliyepaka asiweke mshumaa.

#8 SikiTu

Mkemia, basi niambie kwa nini maboga yaliyopakwa kwenye kingo zilizokatwa yanashinda yasiyopakwa, baraza moja, baridi moja.

#9 MkemiaTanga

Kwa sababu kingo ni nyembamba na zinakauka kwanza. Kwenye kingo nakubali, paka. Ndani kote, hapana.

#10 FundiBoga

Kuhusu kipimo cha jiki, najua wapo wanaoweka kikombe kizima kwa galoni na wapo wanaoloweka usiku kucha. Kulowesha muda mrefu kunalijaza boga maji. Linapendeza asubuhi, linakuwa gumu kama la jana, kisha linaoza haraka kwa sababu halikauki tena vizuri.

Ila ujanja huohuo ndio wa kumsaidia mwenye uzi. Lililosinyaa bila kuoza linafufuka. Lizamishe uso chini kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji baridi sana na kijiko kimoja cha jiki kwa kila galoni, kwa muda wa saa 6 mpaka 8. Nyama inayanyonya maji tena na meno yananyooka. Fanya hivyo usiku wa tarehe 30 tu, kwa sababu unapata siku moja au mbili, basi. Lenye madoa meusi yanayobonyea halifufuki. Kwangua uone: kama weusi umeingia zaidi ya nusu sentimita, litupe uchonge jingine.

#11 BarazaLaMashariki

Weusi umeingia. Shukrani wote, nachonga jipya tarehe 29, kitako. Naomba mpangilio wa kuchonga wenyewe. Kila mara daraja kati ya meno linakatika.

#12 MalengeTamu

Linakatika kwa sababu ya kisu cha jikoni na kwa sababu unaanza na mdomo. Kisu kipana hakigeuki, na kinapokwama unasukuma kwa nguvu, ndipo daraja linapovunjika na mikono inapokatika. Tumia kimsumeno chembamba chenye meno, vile vinavyouzwa msimu huu kwa bei ndogo, kiende juu na chini kama cherehani bila kusukuma mbele.

Chora uso kwenye karatasi, ubandike kwa gundi ya utepe, ukate mikato pembeni ili karatasi ikubali umbo la duara. Toboa mistari kwa pini kila nusu sentimita. Ondoa karatasi, paka unga wa ngano, futa: unga unabaki kwenye vitundu na mchoro unaonekana wote. Anza na vipande vidogo vya katikati, yaani pua na ndani ya macho, malizia na mdomo. Ukianza na mdomo umeshatoa nguvu ya ukuta wote kabla hujafanya kazi ndogo. Kona zote zipigwe tundu la drili kwanza, milimita 4. Kipande kikigoma kutoka usikivute, kisukume kwa kidole kutoka ndani kwenda nje.

Jino lililokatika linarudishwa na kijiti cha meno, nusu huku nusu kule.

#13 BabaWaMavuno (Louisville, Kentucky)

Nyumba yetu haisherehekei Halloween kwa sababu za imani, ila tunapamba kwa mavuno, na nadhani jibu la swali la pili la #1 liko huku. Boga lisilokatwa halina tatizo lolote kati ya haya. Linawekwa mwishoni mwa Septemba na linafika Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Wenye Kanada wao huimaliza mapema, Jumatatu ya pili ya Oktoba.

Ukitaka yapandane, usinunue ya mviringo. Nunua yale bapa, kama Rouge Vif d'Etampes, lile jekundu la Kifaransa lenye mikunjo, au Jarrahdale la kijivu-buluu kutoka Australia. Kikonyo chake kimezama katikati, kwa hiyo la pili linakaa juu yake bila kukata kitu. Watu hukata vikonyo vya chini ili yapangike, kisha wanashangaa mnara unaoza kutoka katikati. Kubwa chini, la kati, dogo juu. Kati ya moja na jingine weka pete ya kamba iliyosokotwa, hewa ipite.

Yasikae moja kwa moja juu ya mbao au saruji. Hapo ndipo lilipotoka lile doa la duara. Weka kipande cha boksi na ukibadilishe kila mvua inaponyesha, au wavu wa waya.

Anayetaka sura bila kuchonga apake rangi ya akriliki. Ganda lina nta, kwa hiyo lifute kwanza kwa spiriti, liache likauke, ndipo upake. Bila spiriti rangi inabanduka vipande vipande mvua ya kwanza.

#14 NyumbaYaShamba (Cedar Rapids, Iowa)

Naongezea marobota, watu huchanganya. Robota la mapambo liwe la mabua ya ngano, siyo nyasi za mifugo. Nyasi za mifugo zina mbegu, zikipata mvua mbili robota linaota kijani na linanuka, na panya wanahamia. Mabua ya ngano yana uwazi katikati, yanakauka haraka, rangi inabaki ya dhahabu. Kwa ngazi tatu marobota mawili yanatosha.

Mabua ya mahindi yafunge kumi hadi kumi na mawili kwa nguzo moja, kamba ya kwanza theluthi ya chini na ya pili theluthi ya juu. Baada ya wiki yamekauka na kusinyaa, kaza upya, la sivyo upepo unayachukua. Robota, mabua na moto wa wazi visiwe baraza moja. Hilo silijadili.

#15 MkemiaTanga

Kamba yenyewe ya marobota, ile ya rangi ya mchanga, asili yake ni katani. Tanga ilikua kwa kamba hiyo. Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya katani kutoka Florida mwaka 1893, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikienda kufunga marobota ya wakulima wa Ulaya na Marekani. Kisha plastiki ikaja. Ukienda dukani uliza ya katani, inashika fundo vizuri na haing'ai kwenye picha.

#16 BiMauwa (Muscat, Oman)

Ahsanta kwa darsa. Nauliza maua yale ya duara yanayojaa barazani, krisanthemamu. Kila mwenye picha anayo, na kila mwenye nayo analalamika yamekauka wiki ya pili.

#17 NyumbaYaShamba

Yanakufa kwa kiu, Bi Mauwa. Chungu cha dukani kimejaa mizizi, udongo kidogo. Maji ukiyamwaga juu yanateleza pembeni na kutoka chini, udongo wa katikati haujalowa. Weka chungu kwenye beseni lenye sentimita 5 za maji kwa dakika 20, kinywe kutoka chini, kila siku mbili, au kila siku kukiwa na upepo. Yanyanyue: mepesi maana yake kiu.

Nunua yenye vitumba vilivyofungwa, kimoja kati ya vitano ndicho kimefunguka. Yaliyofunguka yote ni mazuri ya leo tu.

Wanaoyapanda ardhini wajue kwamba ua hili linahesabu usiku. Linatoa vitumba usiku unaporefuka. Taa ya barazani ikiwaka juu yake usiku kucha kuanzia Agosti linachelewa kuchanua, upande wenye taa unabaki majani matupu. Ni ndugu wa pareto yetu ya Iringa na Nakuru. Na miche mingi ya krisanthemamu inayokuzwa Uholanzi hukatwa Uganda na Arusha.

#18 KijanaWaMbagala (Dar es Salaam)

Wakuu, binamu katuma kutoka Texas lile dubwana la kujazwa upepo, mita 2.4, kwa ajili ya sherehe ya watoto. Linafaa umeme wa huku?

#19 FundiTaa (Dallas, Texas)

Usilichomeke bado. Soma kibandiko cha adapta. Marekani ni volti 120, Tanzania ni 230. Kikiandikwa 100–240V, badilisha plagi tu. Kikiandikwa 120V peke yake, adapta itaungua ndani ya sekunde chache. Hapo ama utafute transfoma, ama uangalie upande wa kutoka wa adapta. Nyingi zinatoa volti 12, na unanunua adapta ya volti 12 hapo Kariakoo, yenye ampea sawa au zaidi, na nchani chanya na hasi zikae vilevile.

Kwa wote: dubwana halishindwi kusimama kwa sababu ya tundu dogo, kwani linavuja makusudi kwenye mishono. Lisiposimama angalia zipu ya chini na majani yaliyofunga feni. Likinyeshewa likiwa limezimwa, kitambaa kinatuama maji na feni haiwezi kukiinua. Lipindue, mwaga, ndipo uwashe. Upepo ukianza kupinda miti midogo, lizime.

Waya zinazotumika nje ziwe zilizotengenezwa kwa ajili ya nje. Kabla ya kuingia soketi, acha waya uning'inie chini ya usawa wa soketi, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya ndani. Viungio vinyanyue kutoka kwenye majani. Soketi za nje huku zina kitufe cha kujikata, zinakatika umeme ukivuja miliampea 5 tu. Ikikata kila jioni usiilaumu soketi wala usihamie ya ndani. Kuna kiungio kimelowa.

#20 DadaWaBukavu

Na taa ya barazani yenyewe huku Marekani ni lugha. Ikiwaka tarehe 31 jioni watoto wanajua wanakaribishwa, ikizimwa wanapita. BabaWaMavuno kwa upande wako hilo linatosha.

#21 BabaWaMavuno

Ndivyo tunavyofanya. Asante dada.

#22 MzeeKifimbo (Toronto, Kanada)

Nisaidie kidogo upande wa chimbuko maana wengine wanapamba bila kujua. Sikukuu hii ni Samhain ya Waselti wa Ireland, hutamkwa "sawin", mwisho wa mavuno na mwanzo wa giza. Boga nalo lilitoka Afrika likaenda na meli mpaka Amerika.

#23 NyumbaYaShamba

Mzee, shikamoo. La boga hapana. Boga ni la Amerika. Mbegu zake za zamani zimepatikana kwenye pango la Guilá Naquitz huko Oaxaca, Mexico, za miaka kama 10,000. La Afrika ni *kibuyu*, kile cha maji na maziwa. Hayo mawili ni ukoo mmoja ila si kitu kimoja.

#24 MalengeTamu

Na taa za kwanza hazikuwa boga wala kibuyu. Ireland na Uskochi walichonga tanipu, tena tanipu ina sura ya kutisha kuliko boga lolote. Makumbusho ya taifa ya Ireland kule Mayo yana mfano wa plasta wa taa ya namna hiyo. Walipohamia Amerika wakakuta boga ni kubwa na laini. Anayetaka kujaribu tanipu ajiandae: nyama yake ni ngumu, saa nzima kwa moja, tumia kijiko cha kuchotea tikiti na drili.

#25 BabaWaMavuno

Chimbuko la Samhain linasemwa sana, ila jina lenyewe ni la Kikristo, mkesha wa Watakatifu Wote. Mwaka 835 Papa Gregori wa 4 ndiye aliyeieneza tarehe 1 Novemba.

#26 MkemiaTanga

Wapo wanaosema tarehe hiyo iliwekwa ili kuifunika Samhain, na wapo wanaojibu kwamba makanisa ya kaskazini mwa Ulaya yalishaiadhimisha tarehe hiyo kabla ya 835, kwa hiyo haikuwa lazima kuifunika Samhain. Na mapambo tunayojadili, boga, mabua, marobota, ni mavuno ya Marekani kuliko yote mawili.

#27 BiMauwa

Wengi walioko huko huyaita majira haya "vuli" au "majira ya majani kupukutika". Kwetu vuli ni mvua ndogo za Oktoba mpaka Desemba. Na kipindi hiki hasa, upepo mwanana kati ya kusi na kaskazi, tunakiita demani.

#28 MzeeKifimbo

Marahaba #23, nimesahihishika. Bi Mauwa, demani ni neno zuri, lakini majani ya Toronto hayajui kusi wala kaskazi. Mimi nabaki na vuli. Miezi inalingana.

#29 SikiTu

Kwa kuwa kibuyu kimetajwa: vile vidogo vya rangi, vya kijani na njano vyenye chunusi, vinavyouzwa kwenye vikapu msimu huu, si vibuyu vya kweli. Ni aina ya boga, ganda jembamba, vitaoza. Kibuyu cha kweli kinachovunwa Oktoba hakiko tayari mpaka majira ya kuchipua. Kikate na kikonyo cha sentimita 5, kining'inize penye hewa miezi mitatu hadi sita. Kitaota ukungu wa kutisha nje, usikitupe, ni maji yanayotoka. Kikitikiswa mbegu zikigonga, kimekauka. Kwangua ukungu kwa sufi ya chuma na maji ya moto, vaa barakoa kwa sababu ya vumbi. Kikilainika kikabonyea, hicho ndicho kimeoza.

#30 KijanaWaMbagala

Adapta ni ya 12V 1.5A, nimepata ya 12V 2A. Limesimama. Shukrani FundiTaa.

#31 DadaWaBukavu

Kindi je? Wanatafuna pua za maboga kuanzia asubuhi.

#32 NyumbaYaShamba

Pilipili ya unga, kijiko kimoja kwenye nusu lita ya maji ya moto, ipoe, chuja, nyunyiza. Mamalia wanasikia ukali, ndege hawausikii kabisa, kwa hiyo ndege wataendelea. Rudia kila baada ya mvua. Kinachowaita ni harufu ya utumbo na mbegu, hivyo boga lililokwanguliwa vizuri linaliwa kidogo, na lisilochongwa kidogo zaidi.

#33 MkemiaTanga

Usinyunyize kwenye kimo cha watoto wanaopita kugusa. Pilipili ikifika jichoni sherehe imeisha.

#34 BarazaLaMashariki

La mwisho kwangu: utumbo na mbegu za hilo jipya zinafaa kuliwa? Na nyama?

#35 FundiBoga

Mbegu ndiyo. Osha nyuzi zote, chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 10, kausha kwa kitambaa, kijiko cha mafuta, oka nyuzi 175 za Selsiasi dakika 20 hivi ukigeuza mara mbili. Nyama ya boga la kuchonga inaliwa lakini ni maji na nyuzi, limezalishwa kwa ganda na kikonyo. La futari ni lile dogo la mkate wa boga, au butternut, ukoo mmoja na yale tunayolima huku Illinois kwa ajili ya makopo. Lililochongwa likalala nje usiku, au likapita kwenye jiki, usile.

Baada ya tarehe 31 toa taa, nta na vijiti, livunje kwa koleo, lifukie sentimita 20 bustanini. Lenye rangi au mafuta ya mgando lisiingie bustanini wala kwa nguruwe.

#36 SikiTu

Tarehe 29 ukichonga, BarazaLaMashariki, paka mafuta upande wa kushoto tu wa uso, kulia acha. Piga picha tarehe 31 na tarehe 2.

#37 MkemiaTanga

Na lisafishwe lote kwa jiki kwanza, pande zote mbili, vinginevyo hatutajua ni nini kilichofanya kazi.

#38 MalengeTamu

Na bila mshumaa.

#39 BarazaLaMashariki

Sawa. Kushoto mafuta, kulia bila, jiki pande zote, taa za betri tatu kwenye chupa ya jemu, limekaa juu ya waya. Hali ya hewa wanasema nyuzi 6 usiku, 15 mchana. Picha nitaweka hapa.